Fisi wa Mtaa wa Kumi na Mbili

Kuna uchovu wa miguu, ambao usingizi huumaliza, na kuna uchovu wa masikio, ambao usingizi hauugusi. Mwasiti Shemkai alikuwa amechoka kotekote. Kwa miaka mingi alikuwa Mlinganishi wa Pangoni, mji uliochimbwa kwa duara chini ya ardhi ya Mwezi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuyapatanisha mabomba ya sauti ya mitaa kumi na miwili, kila mtaa na bomba lake. Huko miili ya watu ni myepesi. Mtoto wa shule huruka akagusa dari. Lakini uchovu hauna habari na hayo. Popote ulipo una uzito uleule.

Alikuwa kwenye kigoda akimenya viazi, mumewe kalala chumba cha pili, aliposikia hodi.

"Karibu," alisema bila kuinuka.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho mekundu. Watu wote wa Mtaa wa Kumi na Mbili wana macho mekundu, na mjini husemwa kuwa ni ulevi.

"Shikamoo, Bi Mwasiti. Naitwa Chausiku, mjumbe wa Kumi na Mbili."

"Marahaba. Vuta kiti."

"Sikai sana. Nina swali moja tu. Kila mwaka, Siku ya Kimya, ukilinganisha mabomba unaanzia Mtaa wa Kwanza, unamalizia kwetu. Kwa nini?"

Kisu kilisimama ndani ya kiazi. Mwasiti alikuwa amelingoja swali hilo tangu alipokabidhiwa kazi. Alikuwa amejitayarishia majibu kadhaa, yote mazuri, yote ya uongo. Sasa swali limefika, akagundua kuwa hana nguvu hata ya kudanganya.

"Nani kakwambia uulize?"

"Hakuna. Juzijuzi mama yangu mdogo alifariki, Mtaa wa Sita, nikaenda kulala matanga. Nikalala, bibi. Nikalala kweli! Wamekuja kuniamsha twende mazikoni, siamki. Wamezika, wamerudi, wamepika, mimi nakoroma kwenye jamvi. Nilipozinduka nikaambiwa watu wa Kumi na Mbili hatuna haya, msiba hautugusi. Na yule mama ndiye aliyenilea, kabla hajaolewa huko." Chausiku alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nikarudi kwangu, usingizi ukanipotea palepale mlangoni. Ndipo nikajua kuwa si sisi. Ni pale tunapokaa."

Mwasiti aliinamia viazi vyake.

"Wanangu hawajapata kulala usingizi mzima tangu wazaliwe. Wanaume wetu wanatoana meno kwa ajili ya ndoo ya maji. Na hatuna wazee. Wewe unapita kwetu kila mwaka na vyuma vyako. Umewahi kumwona mzee?"

"Sijamwona."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini wewe, Bi Mwasiti, nadhani unawajua kwa majina."

Sauti ya Mwalimu Kibwana, mumewe, ikatoka chumba cha pili, nyembamba lakini bado na utani ndani yake: "Mwambie, Fundi. Umechoka kumficha huyo mnyama."

Mwasiti akashusha pumzi. Akavipanga viazi sakafuni kwa duara, kumi na viwili.

"Hiki ni Mtaa wa Kwanza. Bomba lake likitetemeka mara mbili, la jirani yake hutetemeka mara tatu. Tatu kwa mbili. Mwili unaupenda uwiano huo. Moyo unaufuata kama mtoto anavyofuata mkono wa mama yake, na usingizi unakuja. Bila hivyo, ndani ya mwamba huu usio na jua, tungekuwa tumekufa zamani." Kidole chake kikatembea juu ya viazi. "Kwanza na Pili, safi. Pili na Tatu, safi. Hivyohivyo mpaka kwenu. Halafu natakiwa kufunga duara, kwenu na Kwanza. Duara halifungiki. Nimepitiliza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Unywele. Lakini sauti mbili zinazokosana kwa unywele hulia. Wau, wau, wau, usiku na mchana. Sikio halisikii, moyo unasikia. Mafundi wa zamani walisema ni kilio cha fisi. Sisi hatujawahi kumwona fisi, ila jina limebaki. Si kosa la fundi yeyote, ndivyo hesabu ilivyo. Fisi lazima alale mahali."

Chausiku alikitazama kiazi cha mwisho. "Na analala kwetu."

"Analala mpakani mwenu na Mtaa wa Kwanza. Wale wana kuta nene za Baraza. Kwa hiyo, ndiyo. Kwenu."

"Kwa nini kwetu?"

"Waasisi walipomlaza pale hapakuwa na mtu. Palikuwa na stoo za saruji. Mji ukajaa, stoo zikawa nyumba, na sisi Walinganishi tukaendelea kuanzia palepale."

"Hakuna aliyefikiri kuanzia pengine?"

"Tulifundishwa hivyo." Mwasiti alisikia jinsi neno lilivyotoka, na aibu ikampanda mpaka masikioni. "Mimi nilifikiri, mwanangu. Nilifikiri kila mwaka, kisha nikaenda kulala."

Chausiku hakumtukana, ingawa Mwasiti angependa atukanwe. Alivitazama viazi mara nyingine, akaaga, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayejikaza asisinzie.

*

Pangoni hakuna wodi za wagonjwa. Mgonjwa huuguziwa nyumbani, chini ya bomba alilolizoea, kwa kuwa ilionekana tangu mwanzo kuwa moyo ukihamishwa mtaa hupotea njia. Na nyumba ya Mlinganishi hujengwa ikiliegemea bomba lenyewe. Kwa hiyo Mwalimu Kibwana alikuwa amelala, kichwa kikiwa karibu na bomba la Mtaa wa Tano, ukuta mwembamba tu katikati. Alikuwa amefundisha falsafa shuleni mpaka moyo ulipomkatalia ngazi. Daktari alimnong'oneza Mwasiti mlangoni kuwa moyo ule hauendi tena kwa nguvu zake. Unaliegemea bomba kama kiwete anavyoegemea mkongojo. Sauti ikibaki safi, mzee anaweza kuishi miaka. Ikiyumba, hata kidogo, daktari hakuahidi kitu.

"Umemwonyesha fisi kwa viazi," Mwalimu alisema mkewe alipokaa ukingoni mwa kitanda. "Mimi nilihangaika na ubao maisha yangu yote."

"Wewe fisi hukumfundisha kabisa."

"Kweli. Nilifundisha upande mtamu."

Upande mtamu Mwasiti aliujua kwa moyo, kwa kuwa mumewe alikuwa na tabia ya kuufundisha hata mezani. Zamani huko Duniani, Ulaya, katika zama walizoziita za Mwamko, palikuwa na wanafalsafa walioamini kuwa kuna muziki wa namna tatu. Wa kwanza ni wa sayari katika mizunguko yao, ambao hakuna sikio liusikialo. Wa pili ni wa mtu, roho yake na mwili wake vikikubaliana. Wa tatu ni wa nyuzi na mabomba. Na wote ni wimbo mmoja, kwa uwiano mmoja. Waganga wao walidai kumtibu mwenye huzuni kwa zeze lililopigwa chini ya nyota yake. Dunia ikawacheka kwa karne nyingi. Kisha waasisi wa Pangoni wakajikuta ndani ya mwamba, mapigo ya mioyo yanavurugika, watu wanaanguka wakitembea, na daktari mmoja mpenda vitabu akakumbuka alichokisoma. Wakasimamisha mabomba. Mioyo ikatulia. Juu ya mlango wa Baraza wakachonga maneno ambayo kila mtoto huyaimba: Mbingu, mwili, chombo: wimbo mmoja.

Upande mchungu ni kwamba hata wale wanafalsafa walikuwa na fisi wao. Mafundi wa vinanda vya makanisani walimsukumia kati ya sauti mbili ambazo nyimbo hazikuzipitia, wakaendelea kuusifu ulimwengu kuwa umeumbwa bila mshono.

"Kuna njia nyingine," Mwasiti alisema. "Kumkata fisi vipande kumi na viwili, kila mtaa umeze chake. Hakuna atakayepata sauti safi tena. Hakuna atakayeliwa pia."

"Najua. Hata wao mwishoni walifika huko. Iliwachukua muda, maana ilibidi kwanza wakubali kuwa mbingu haziimbi sawasawa."

"Daktari anasema..."

"Namsikia anachosema. Mlango wenyewe huu haufungiki vizuri."

Wakakaa. Nyuma ya ukuta bomba lilikuwa linavuma chini kabisa, tulivu, safi, kama lilivyovuma siku waliyooana. Mwasiti alilichukia kidogo, kisha akaogopa kulichukia.

"Ninaweza kuuacha mtaa wetu ulivyo," alisema, akiangalia mikono yake. "Hakuna sikio jingine mjini la kunigundua."

"Usiniulize."

"Sijakuuliza."

"Ulikuwa unakuja huko huko." Mwalimu alijigeuza kwa shida. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Naogopa kufa, Fundi. Nimewaambia watoto wa watu kuwa kufa ni kurudi kwenye wimbo mkubwa, na sasa naona nilikuwa naropoka. Nataka kuishi. Ukiniuliza nitasema uache wetu. Ndiyo maana nasema usiniulize. Mwenye njaa haulizwi sahani ya jirani apewe nani."

Mwasiti akampangusa jasho shingoni, akaenda kuviinjika viazi. Alilia jikoni, kwa uchovu kuliko kwa huzuni, akilisogezasogeza sufuria ili mlio wake ufunike kilio.

*

Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Kitundu, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulizidisha ugumu. Mwasiti alipompelekea shauri la kumgawa fisi, aliwaita wajumbe wa mitaa yote, akamwacha aeleze mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Kisha kila mjumbe akakumbuka jambo.

Mtaa wa Saba walikuwa na shule, na mtoto asiyelala hasomi. Mtaa wa Tatu walikuwa na mitambo ya hewa, na mtu wa zamu akisinzia mji mzima utakufa. Mtaa wa Tisa walikuwa na wazazi wenye watoto wachanga. Mtaa wa Kwanza wenyewe wanaamua mambo mazito, na mambo mazito yanataka akili iliyotulia. Mtaa wa Nane walitafuta sababu wakaikosa, wakasema tu kuwa wao siku zote wamekuwa wastaarabu. Hakuna aliyesema uongo. Hilo ndilo lililomchosha Mwasiti: kila sababu ilikuwa sababu.

"Kila mwamba ngozi huvutia kwake," Chausiku alisema kutoka nyuma. "Na ngozi yenyewe ndiyo sisi."

Wajumbe wengine walicheka, kisha wakaona kuwa yeye hacheki.

Mzee Kitundu akainua mkono. "Bi Mwasiti, nikuulize kwa heshima. Mioyo dhaifu haiko kwako peke yako. Kila mtaa una mgonjwa wa namna hiyo. Ukimgawa fisi na wao wakafa, vifo hivyo atahesabiwa nani?"

"Na waliokufa Kumi na Mbili walihesabiwa nani?"

Hakusema kwa hasira. Hasira inataka nguvu.

"Fisi akimla muwele, mzima funga mlango," Mzee Kitundu alisema polepole. "Wazee wetu walifunga mlango, na sisi tukaulalia kwa ndani. Sikatai. Lakini ndani ya mlango huo yumo mumeo."

"Nalijua hilo kuliko wewe, mzee wangu."

"Basi sheria iko wazi. Waasisi walisema mkono wa Mlinganishi hauamriwi, ili mwenye nguvu asije akajipendelea. Hatuwezi kukulazimisha wala kukuzuia. Tunakuomba ufikiri."

Laiti wangemwamuru! Angekuwa na wa kumlaumu. Mwasiti alitoka chini ya yale maneno ya kuchongwa, na kwa mara ya kwanza aliona kuwa herufi za mwisho zimebanana, kama vile mchongaji alikosea kupima akaishiwa na nafasi.

*

Siku ya Kimya hakuna moto unaowashwa Pangoni. Chakula hupikwa jana yake na kuliwa baridi. Watoto huvalishwa soksi. Mikokoteni husimama, vijiko hufungwa kwenye vitambaa, na mwenye kikohozi huwekewa mto mdomoni. Kwa Mlinganishi sharti ni kali zaidi: akishauma ufito wa shaba kwenye bomba la kwanza, hasemi neno mpaka bomba la mwisho.

Ufito ule ndio sikio lake la kweli. Ncha moja huikandamiza kwenye bomba, ncha ya pili huiuma, na mtetemo wa bomba pamoja na ule wa jirani unaopita mwambani humfika ndani ya fuvu. Meno ya mbele ya Mwasiti yalikuwa yamelika kwa kazi hiyo. Juu ya kila bomba kuna ukosi wa chuma unaolizunguka kama kola. Ukiupandisha, bomba linarefuka na sauti inashuka. Ukiushusha, sauti inapanda.

Kwenye bomba la Mtaa wa Pili aliupata kwanza ule uwiano wa tatu kwa mbili, safi, meno yametulia tuli. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna Mlinganishi aliyewahi kulifanya makusudi. Akaupandisha ukosi, kiasi cha unene wa karatasi. Ndani ya fuvu pakaanza kuyumba kitu, polepole sana, kikija na kuondoka. Akaungoja ule mwendo mpaka akauridhia, akakaza skrubu. Mtaa wa Tatu vilevile. Mtaa wa Nne vilevile. Milangoni watu walimtazama bila kupumua, na hakuna aliyejua anachofanya, kwa kuwa kwa macho kazi ilikuwa ileile.

Akafika kwake.

Bomba la Mtaa wa Tano alilijua kwa kila mkwaruzo. Akauma ufito. Akatafuta usafi, akaupata, na ulikuwa mtamu kuliko siku zote, au labda ni yeye aliyekuwa anauaga. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kitanda. Mkono ulikuwa kwenye ukosi, na mkono haukwenda.

Alijua hesabu. Kipande ambacho angekiacha hapa kisingeyeyuka hewani. Kingetembea kutoka bomba hadi bomba mpaka kimkute mtu wa mwisho kwenye mstari, na wa mwisho ni walewale. Wangepata vipande viwili badala ya kumi na viwili. Ni nafuu kubwa, alijiambia. Wangeshukuru. Nani angemlaumu mke? Aliwaza pia kuwa mwakani mjumbe wa Tatu angeugundua upendeleo huo kwa usingizi wa watu wa Tano, wa Tisa angeutaka, na mjumbe wa Mtaa wa Nane angekumbuka ustaarabu wake. Yote hayo aliyaona wazi, na bado mkono haukwenda. Alikuwa anampenda mumewe. Hapakuwa na falsafa ya kuliondoa hilo.

Ndipo ukuta ukagongwa.

Tk.

Mwasiti alishtuka nusura auachie ufito. Siku ya Kimya! Na mumewe ndiye aliyewachapa watoto wa darasa zima kwa kudondosha kalamu siku kama hii.

Tk. Kisha kimya kirefu. Tk. Kimya kirefu, sawasawa na cha kwanza.

Kijiko, alitambua. Kijiko ukutani, na hakipigwi ovyo. Kilikuwa kinakwenda kwa mwendo uleule wa kuyumba ambao bomba hili lingepaswa kuwa nao kama limekatiwa kipande chake. Mzee alikuwa amelala pale akaipiga hesabu kichwani, kama alivyozoea, na sasa alikuwa anamhesabia. Alimkataza mkewe kumuuliza, na Mwasiti hakumuuliza. Hili alilitoa mwenyewe.

Machozi yalimtoka yakashuka kwenye shaba. Akaupandisha ukosi. Sauti ikayumba upesi mno, akaurudisha kidogo. Tk, kijiko kilisema, na kuyumba kukaja nyuma yake. Akarekebisha. Tk, na safari hii vikaja pamoja. Akakaza skrubu.

Kijiko kikanyamaza.

Alisubiri. Aliweka sikio ukutani, akasikia bomba tu. Angeweza kuzunguka kona, akafungua mlango, akaangalia. Lakini mbele yake mji mzima ulikuwa nusu umelinganishwa na nusu haujalinganishwa, na hali hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kila dakika ya kuichelewesha ilikuwa inaumiza moyo wa mtu fulani katika chumba fulani. Akauchukua ufito, akaenda Mtaa wa Sita bila kujua kama yeye ni mke au mjane.

Hakukumbuka vizuri mabomba yaliyofuata. Mtaa wa Kumi na Mbili alipandisha ukosi wa mwisho, kisha akaukandamiza ufito kwenye ukuta wa mpakani kumsikiliza fisi, kama afanyavyo kila mwaka. Fisi hakuwepo. Palikuwa na kuyumba kulekule, polepole, kama kwa wengine. Duara lilikuwa limefungika, na hapakuwa na sauti safi hata moja ndani yake.

Alipogeuka kuondoka aliona kuwa uchochoro umejaa watu, na hakuna aliyesimama. Walikuwa wameangukia usingizini pale walipokuwa wakitazama, wameegemeana, midomo wazi. Chausiku alikuwa kizingitini mwake, kichwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, watoto wawili mapajani. Mwasiti alipita katikati yao akinyanyua miguu juu ya miguu.

Nyumbani alisukuma mlango na kusema neno lake la kwanza la siku, ambalo lilikuwa jina la mumewe.

"Kijiko kilidondoka," Mwalimu Kibwana alisema. "Nikashindwa kuinama. Umelia? Pangusa uso, utafikiri umefiwa."

*

Mji ulilalamika. Watu walisema usingizi umechuja kama chai iliyotiwa maji mara ya pili. Mtaa wa Nane waliandamana, kistaarabu. Wengi waliota ndoto mbaya, wakazoea. Kila Mwasiti alipopita dukani pakawa kimya, na wakati mwingine mtu alimsalimia kwa mkono badala ya mdomo.

Mwalimu aliishi wiki kadhaa. Moyo wake ulichechemea, ukasimama, ukaendelea, na yeye akauita mwanafunzi mtoro. Asubuhi moja taa za mji zikiwa zinaongezwa, alikuwa ameshika kikombe, akasema uji una chumvi, na hakusema tena. Daktari alipoulizwa kama ni bomba au ni umri, alisema hajui, na Mwasiti aliona kuwa kweli hajui, na kwamba yeye mwenyewe hatajua mpaka anaingia kaburini. Atakuwa akiamka na swali hilo na kulala nalo. Hakujuta, lakini alikuwa hajawahi kujua kuwa mtu anaweza asijute na bado akaumia hivi.

Watu wa Kumi na Mbili walikuja matangani kwa wingi, jambo lisilo la kawaida. Walileta unga na maji, wakaosha vyombo, wakaimba. Na Chausiku, aliyekuwa wa kwanza kufika, aliketi kwenye jamvi karibu na mfiwa, akampa pole, akamshika mkono, akajaribu kusema jambo jingine, lakini deni la usingizi wa maisha yote halilipwi kwa wiki chache, kope zikamlemea. Akajilaza ubavu, akakoroma.

Wanawake wa Mtaa wa Tano wakatazamana.

"Wameanza," mmoja alinong'ona. "Hawa watu hawana haya. Amekuja msibani kulala?" Akanyoosha mkono kumtikisa bega.

"Msimwamshe," Mwasiti alisema.

"Lakini, Bi Mwasiti, tunakwenda kuzika."

"Nimesema msimwamshe. Mwacheni alale."

Akafungua khanga aliyojitanda mabegani, akamfunika Chausiku miguu iliyotoka nje ya jamvi. Kisha akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, wakaenda kumzika Mwalimu.